Kungoja Juzuu Ijayo



Miongoni mwa maswali ambayo akina mama hutuletea baada ya darsa, liko moja ambalo limekuwa likirudi mara kwa mara, nalo halihusu twahara wala mirathi. Lahusu vitabu. Binti wa miaka 13 au 14 ameingiwa na mapenzi ya riwaya za Kizungu za nchi za kubuni, zenye majoka na wafalme na fimbo za ajabu. Husoma kitabu cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka akavimaliza vyote, kisha hapumziki. Huuliza ni lini kitatoka kingine. Huuliza iwapo fulani aliyeuawa katika sura ya mwisho amekufa kweli au atarudi. Hugombana na nduguye aliyemfichulia yajayo kabla hajayafikia, na mama akimwita jikoni haitiki. “Sheikh,” twaulizwa, “huu si wazimu? Na je, si haramu?”

Wazimu si wazimu. Kuhusu uharamu, tuanze na neno lenyewe. Sisi Waswahili tumelitwisha neno “hadithi” mizigo miwili: twalitumia kwa maneno na matendo ya Mtume (S.A.W.), na twalitumia kwa habari za sungura na fisi. Ndiyo maana baadhi yetu husita, kana kwamba kila kisa cha kubuni ni uongo uliobisha hodi kwenye mlango wa dini. Wazee wetu hawakuchanganyikiwa. Mtoto aliyeketi ukumbini kwa bibi yake akasikia “Paukwa!” naye akajibu “Pakawa!”, alijua kwamba sasa ameingia katika nchi ambayo hakuna anayeiapia. Hapana aliyedanganywa.

Wenye kupinga wanayo hoja nzito zaidi, nayo ni habari ya Nadhr bin al-Harith. Sira yasimulia kwamba mtu huyu wa Makka alikuwa amejifunza visa vya Waajemi, vya Rustam na Isfandiyar, na kila Mtume (S.A.W.) alipoondoka katika kikao, yeye aliketi mahali pale akavisimulia, akidai kuwa vyake ni vizuri zaidi. Baadhi ya wafasiri wameitaja habari hii chini ya aya ya 6 ya Surat Luqman. Lakini tutazame kosa lake liko wapi. Hakulaumiwa kwa kumjua Rustam. Alilaumiwa kwa kumfanya Rustam ukuta wa kuwazuia watu wasiisikie Qur'ani. Mama ambaye binti yake huswali kwa wakati, husaidia nyumbani, kisha akashika riwaya yake, huyo hana Nadhr nyumbani mwake. Yule ambaye binti yake hupitwa na Alfajiri kwa sababu alikesha na kitabu ana la kufanya, na la kufanya lenyewe lahusu saa ya kulala.

Na uchawi uliomo vitabuni? Sihri ni katika madhambi makubwa, na mtoto aelezwe hivyo bila kufichwa. Wako wanazuoni wanaovikataza vitabu hivi moja kwa moja, nasi twaiheshimu rai yao. Rai yetu ni kwamba mtoto aliyekwisha kufunzwa hilo hawi mchawi kwa kusoma habari za fimbo ya kubuni, kama ambavyo bibi zetu waliotusimulia majini na mazimwi walikufa na shahada midomoni.

Ama hamu yenyewe ya kutaka kisa kiendelee, hiyo si ngeni kwetu hata kidogo. Kila Ijumaa twasoma Surat al-Kahf tukafika penye safari ya Nabii Musa (A.S.) na Khidhr (A.S.): jahazi lililotobolewa, yule kijana, ule ukuta. Mambo matatu, kisha wanaachana. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Ubayy bin Ka'b (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipokisimulia kisa hiki alimwombea Musa rehema, na akaeleza kuwa alitamani lau angevuta subira ili tupate kusimuliwa zaidi katika habari zao. Hatulinganishi wahyi na ngano za watu, hasha. Twasema tu kwamba moyo unaotamani kusikia zaidi kuhusu watu uliowapenda katika kisa ni moyo mzima.

Wazungu nao waliipata homa hii kutoka upande wetu wa dunia. Mwaka 1704, huko Paris, mwanachuoni Antoine Galland alianza kuchapisha Alfu Lela Ulela kwa Kifaransa, akifuata mswada wa Kiarabu uliotoka Shamu. Watu walizipapia. Kufikia 1706 juzuu saba zilikuwa zimetoka, na mswada wake ulikuwa umemwishia njiani. Wasomaji hawakutaka kusikia habari za mswada kuisha. Mwaka 1709 mchapishaji alishindwa kungoja, akatoa juzuu ya nane akiwa ametia ndani yake visa vilivyofasiriwa na mtu mwingine, pasipo Galland kujua. Mwaka huo huo Galland akajuana na kijana wa Halab, Hanna Diyab, Mkristo wa Kimaroni aliyefika Paris na msafiri mmoja. Kijana yule alikuwa na visa kifuani, na Galland alikuwa na kalamu. Alaadini na taa yake, Ali Baba na wezi wake arubaini, vyote viwili vilitoka kinywani mwa Hanna. Hapana mswada wa Kiarabu wa kale zaidi unaojulikana kuwa navyo. Juzuu mbili za mwisho zilitoka 1717, Galland akiwa amekwisha kufariki miaka miwili nyuma, na jina la Hanna Diyab halikuandikwa popote katika juzuu hizo. (Dhuluma hiyo ina makala yake siku nyingine, inshallah.) Kwa hivyo Alaadini, ambaye watoto wetu hudhani ametoka Marekani kwa sababu ya filamu, alizaliwa kwa sababu wasomaji walikataa kuambiwa basi.

Kungoja kwenyewe kuna namna zake. J. R. R. Tolkien, mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford, alitoa The Hobbit mwaka 1937, kitabu cha watoto chenye joka na hazina. Kilipendwa, na mchapishaji wake akamwomba aandike zaidi kuhusu wale watu wadogo wenye nyayo za manyoya. Akaanza. Vita vikuu vikaja vikapita, karatasi ikawa adimu, na The Lord of the Rings ikatoka baina ya 1954 na 1955. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 alipokisoma kitabu cha kwanza alikuwa na 27 ilipoanza kutoka riwaya ya pili, huenda akiwa na watoto wake mwenyewe. Baadaye Tolkien alijaribu kuandika tena kinachofuata, akaandika kurasa chache, akaacha. Aliona hakistahili. Sisi twamsifu kwa kuacha kuliko wanavyosifiwa wengi kwa kuendelea.

Kwa upande mwingine yuko Mmarekani George R. R. Martin. Kitabu chake cha tano kilitoka 2011, na ndani yake kijana mpendwa wa wasomaji anadungwa visu na wenzake mwishoni kabisa. Filamu za televisheni zilimrudisha kijana huyo 2016 na zikafika tamati 2019, lakini kitabu cha sita, hadi tunapoandika haya, hakijatoka. Vitabu hivyo havifai watoto, twasema wazi. Vimejaa zinaa na ukatili. Tumevitaja kwa sababu vijana wakubwa wametuuliza swali la kifikihi kuhusu jambo hili, nalo lilitufurahisha: je, mtunzi ana deni kwa msomaji?

Tulilipima hivi. Anayenunua kitabu amenunua kitabu hicho. Ametoa thamani, amepokea bidhaa, biashara imekamilika. Hakulipa leo kwa bidhaa ya kesho iliyoelezwa sifa zake na siku yake, ambayo wanafikihi huiita biashara ya salamu. Basi msomaji hana dai la juzuu ijayo mbele ya kadhi yeyote. Lakini mtu akitoka hadharani akasema “kitakuwa tayari mwaka ujao”, ametoa ahadi, na ahadi si kitu chepesi, hata kama hakuna mahakama itakayoisikiliza. Vijana hawakuridhika sana. Mmoja alisema kwamba kuanza kisa ni ahadi tayari. Tumelibeba neno lake hadi leo.

Sasa tuje penye uzito, yaani kurudi kwa waliokufa.

Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Uingereza, alimchoka mpelelezi wake Sherlock Holmes, na Disemba 1893 akamwangusha katika maporomoko ya maji huko Uswisi. Wasomaji walimlalamikia kwa miaka. Mwaka 1901 akawapa kisa kinachotokea kabla ya ajali ile. Hakikutosha. Mwaka 1903 akaandika kwamba Holmes hakuwa amekufa, alijificha tu. Riwaya zake si za nchi za kubuni, ila alifungua mlango ambao watunzi wa nchi za kubuni wameupita makundi kwa makundi: shujaa anakufa, msomaji analia, kisha kurasa mia tatu mbele shujaa anatokea na jeraha dogo. Msomaji akizoeshwa hivyo, hatalia tena, kwa kuwa anajua ni hila. Tuseme kweli, hatupendi mtindo huu. Mauti yanageuzwa kuwa safari ya Likoni na kurudi.

Rider Haggard alishika njia nyingine. Wazee wetu walimsoma shuleni kupitia Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya 1929, kitabu kitamu chenye macho ya mkoloni ndani yake. Shujaa wake, Allan Quatermain, anakufa katika riwaya ya pili ya 1887, ile ambayo msafara wake unaanzia Lamu na kupanda kando ya mto Tana hadi nchi isiyojulikana. Wasomaji walimtaka tena. Haggard hakumfufua. Alirudi nyuma, akawa anasimulia mambo ambayo Quatermain aliyaona zamani, ujanani, kabla ya vitabu viwili vya kwanza, na akaendelea hivyo miaka mingi. Kaburi lilibaki kaburi, na bado watu walimpata mtu wao.

Na yule mwandishi ambaye mabinti zetu humsoma zaidi, J. K. Rowling, ambaye vitabu vyake saba vya Harry Potter vilitoka baina ya 1997 na 2007, alijiwekea mpaka ambao akina mama huenda wasiutarajie katika kitabu cha wachawi. Katika nchi yake ya kubuni hakuna uganga unaofufua maiti. Liko jiwe linaloita wafu, lakini wanaokuja ni vivuli, na kisa kimoja ndani ya kitabu chasimulia mtu aliyemwita mchumba wake kwa jiwe hilo, akamjia baridi na mwenye huzuni, hadi mwenyewe akaangamia kwa kumtamani.

Katika kitabu chake cha tano, cha 2003, anakufa Sirius Black, mtu ambaye wazazi wa Harry walimkabidhi ulezi wa mtoto wao. Anapigwa katikati ya mapigano, anaanguka nyuma ya pazia lililoning'inia katika tao la mawe, na haonekani tena. Wasomaji wengi duniani walingoja vitabu viwili vilivyobaki wakiamini atatoka upande wa pili wa lile pazia.

Tulijiwa na mama mmoja na binti yake kuhusu kitabu hicho. (Tumebadilisha mambo madogo ili wasitambulike.) Baba wa binti alikuwa mvuvi. Alitoka wakati wa kusi, mashua ikaonekana imepinduka, wenzake wawili wakaokolewa, yeye hakupatikana. Mama alikwisha kupita kwa Kadhi na hukumu ya aliyepotea ilikuwa imetolewa. Alichokuja nacho kwetu ni hiki: binti amekisoma kitabu hicho kimoja mara tano, na vilivyofuata hataki kuvifungua ingawa amenunuliwa na mjomba wake. Je, avichome?

Tulimwomba binti atusimulie kisa. Akatusimulia vizuri, kwa mpangilio ambao wanafunzi wetu wengi wa sira hawana. Alipofika penye pazia alinyamaza, kisha akasema: “Lakini, Ustadhi, hakuna aliyeiona maiti yake.”

Mama yake aliinamisha kichwa. Hapo tulifahamu kwa nini vitabu viwili vya mwisho havifunguliwi. Kitabu kisipofunguliwa, mtu hajafa ndani yake.

Hatukumpa waadhi. Kuhusu babake alikwisha kuambiwa yote ya kuambiwa, kwamba aliyekufa kwa kuzama ana daraja ya shahidi, kwamba dua ya mtoto humfikia mzazi. Aliyajua na aliyaamini. Tulimuuliza kitu kingine: ni nani humsimulia habari za babake za kabla yeye hajazaliwa? Hakuna. Nyumba nzima ilikuwa imekubaliana kimyakimya kulikwepa jina lile ili asiumie, na matokeo yake mtoto alibaki na siku moja tu ya babake, ile siku ya mwisho. Tukamwita ami yake, aliyevua pamoja na marehemu tangu utotoni, tukamwomba awe anapita nyumbani kila Alhamisi baada ya Magharibi. Asimulie. Walivyoiba ngalawa ya babu yao wakiwa na miaka tisa. Walivyogombana juu ya mashine ya mashua wakanuniana mwezi mzima. Jinsi marehemu alivyokuwa hawezi kula kamba, yeye mvuvi, kwa kuwa humwasha mwili.

Njia hii ni ya Haggard, ingawa ami yule hajui Haggard ni nani. Aliyekufa hakufufuliwa, na bado yapo mambo yake ambayo hatujayasikia. Mama ametuarifu kwamba binti amevisoma vile vitabu viwili. Alilia, asema, kilio cha kawaida.

Huzuni haikuondoka, wala hatudai hivyo.

Akina mama, basi, mkiona mtoto amemng'ang'ania mhusika mmoja kupita kiasi, kabla ya kukinyang'anya kitabu muulizeni ni nani anayemngoja, na kwa nini huyo. Mara nyingi jibu ni la kitoto tu: anampenda yule mwenye joka. Mara chache halitakuwa la kitoto.

Kuna habari moja zaidi ambayo twapenda dada zetu waijue, kwa kuwa ndani yake yumo mwanamke. Mmarekani Robert Jordan alianza mfululizo wa The Wheel of Time mwaka 1990, vitabu vinene vilivyotoka kimoja baada ya kingine hadi vikawa 11, pamoja na kimoja cha mambo ya kabla yake. Akapatwa na ugonjwa wa moyo. Alipojua kwamba huenda asimalize, aliandika na kusema kwa sauti ili yahifadhiwe mambo ya kitabu cha mwisho: nani atakufa, nani atabaki, mambo yataishia wapi. Alifariki Septemba 2007. Mkewe, Harriet McDougal, ndiye aliyekuwa mhariri wa vitabu vyake tangu mwanzo. Alibaki na maandishi yale, na mamilioni ya watu waliokuwa wakingoja. Alisoma maneno ya rambirambi aliyoyaandika mtunzi kijana, Brandon Sanderson, kumhusu mumewe, akasoma na riwaya ya kijana huyo, akamkabidhi kazi. Kitabu kimoja kilichobaki kikawa vitatu, 2009, 2010 na 2013. Onyesho la mwisho kabisa ni lile aliloliandika Jordan mwenyewe, limewekwa mahali alipolitaka. Sisi tungeliita jambo hili wasia, na yule mwanamke tungesema ameitimiza amana. Wasomaji walimtaka aendelee, watu wa kisa kile warudi katika vitabu vipya. Mfululizo umeishia pale mumewe alipoukatia.

Wengine watauliza kwa nini mifano yetu yote ni ya mbali. Hapa kwetu tulikuwa na Bwana Msa. Muhammad Said Abdulla wa Unguja alimleta katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960, na akaendelea kumrudisha, kiko chake na fikira zake, hadi 1984. Umri wetu tulimngoja kama hawa wanavyowangoja wao, na kitabu kimoja kilipita mikono ya mtaa mzima mpaka jalada likabanduka. Mtaalamu wa kumfukuza mzimu kwa akili ni mtu ambaye binti wa miaka 13 angempenda. Vitabu vile si rahisi kuvipata madukani siku hizi, lakini wenye makabati ya zamani watazame.

Swali la mwisho lilitufikia wiki hii. Mama mmoja amegundua kwamba mwanawe, aliyechoka kungoja, ameanza kuiandika juzuu ijayo yeye mwenyewe katika daftari la hesabu, na wahusika ni walewale wa mtunzi Mwingereza. Je, ni wizi? Asipoiuza wala kudai kwamba watu wale ni wake, hatuoni ubaya, maadamu atanunuliwa daftari jingine na lile la hesabu likarudi kwa hesabu. Mama anasema mtoto amefika sura ya nne, na amehamishia vita Kilindini.